Mwaka Nilipomkana Mtani Wangu Ikulu

Watani hawaombani radhi. Hilo ndilo lililonikalisha Boko miaka yote hii, nikijua fika kwamba Mzee Kondo yuko hai kule Tandika, mji huuhuu mmoja, na mimi siendi. Ukimkosea jirani unamfuata kwake, unainamisha kichwa, unasema nisamehe, na yanakwisha. Ukimkosea mtani huna pa kuanzia, kwa sababu mtani hakosewi. Unaweza kumwita majina, ukamnyang'anya kofia kichwani, ukala chakula chake mbele yake, na yeye hana ruhusa ya kununa. Siku unapomwendea kumwomba radhi unakuwa umemwambia kwamba hamkuwa watani hata kidogo. Na kosa langu mimi lilikuwa hilohilo: nilisema mbele ya watu kwamba hakuwa mtani wangu. Sasa ningeliombea radhi namna gani bila kulirudia?

Habari ya kifo chake niliipata Jumanne asubuhi, kwenye kundi la simu la sisi wastaafu. Mtu aliandika kwamba mzee wetu wa bustani amefariki, anazikwa leo baada ya alasiri. Chai yangu ikapoa. Binti yangu akaniuliza kama ni ndugu, nikamwambia ni mtani, na neno hilo lilinitoka kwa shida, maana nilikuwa na zaidi ya miaka arobaini sijalitumia kwa mtu huyo. Nilivaa, nikachukua kanga mbili, nikaondoka bila kujua nitafanya nini nikifika. Kwenda msibani kwa mtani si kukaa mkekani na kusema poleni. Mtani ana kazi yake, na kazi hiyo haifanywi na mtu aliyejivua utani.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na moja, nikiishi Temeke katika chumba cha kupanga, na nilikuwa kibarua wa chumba cha nguo katika Ikulu ya Magogoni, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Ulikuwa mwaka wa shida. Sabuni ilipangiwa foleni, sukari ilinong'onezwa kama habari ya mapenzi, na mjini kote tulikula ugali wa ule unga wa njano ambao mpaka leo nikiona mahindi ya rangi hiyo nageuza uso. Kwa hiyo mtu akipata kazi ya kudumu mahali kama pale, hata awe wa kupiga pasi tu, nyumba nzima aliyopanga humsalimia kwa adabu. Mama mwenye nyumba wangu alianza kuniita "dada wa Ikulu" siku ya tatu, na bomba la maji likaanza kunisubiri mimi kwanza. Nasema haya ili ujue nilikuwa nalinda nini.

Watu wakisikia Ikulu hudhani dhahabu. Mimi nyumba ile niliijua kwa mgongo wake: ngazi ya nyuma iliyolika katikati kwa miguu ya watumishi, ua wa kuanikia, jiko, na chumba chetu cha nguo chenye makabati marefu hadi darini, yakinukia karafuu maiti. Kuta zake zilikuwa nene hivi kwamba mwezi wa Machi, jua la saa saba likiuchoma mji, ndani palikuwa na ubaridi wa mtungini. Mbele ndiko kulikokuwa na uzuri wenyewe, ile baraza ndefu yenye matao meupe inayotazama mlango wa bandari, ambako meli kubwa zilipita karibu kiasi cha kuwaona mabaharia wameanika mashati. Mimi kule mbele nilipita tu nikiwa na vitambaa mikononi, macho chini. Upepo ukigeuka ulituletea harufu ya samaki wa soko la Feri, na mpishi alikuwa akifunga madirisha kwa hasira kama vile samaki wale wamemtukana. Mwenye nyumba mwenyewe wakati ule hakulala pale. Alikuja asubuhi kufanya kazi na kuondoka. Vitanda tulitandika hata hivyo. Kila wiki tulibadilisha mashuka ambayo hakuna aliyeyalalia, na mkuu wetu, Mama Agnes, mjane wa Kichaga mwenye vidole vigumu kama vijiti, aliyakagua kana kwamba mgeni anaingia sasa hivi.

Halafu kulikuwa na tausi. Mtu asikudanganye kwamba tausi ni pambo. Wanalia kama mtoto aliyefinywa, wanatembea kwa dharau, na wanapenda kitu cheupe. Tukianika vitambaa vya meza kwenye majani, kwa sababu Mama Agnes aliamini jua la majanini linang'arisha kuliko la kamba, tausi walikuja kusimama juu yake kama wageni waalikwa, na kuacha walichoacha. Kazi yangu ya kwanza katika nyumba ya mkuu wa nchi ilikuwa kufukuza tausi kwa ufagio, na kazi ya Mzee Kondo ilikuwa kuwalinda tausi dhidi yangu. Ndivyo tulivyojuana. Alitokea nyuma ya ua wa michongoma, mtu mfupi, kanzu fupi juu ya kaptura ya kazi, akanitazama nilivyoshika ufagio. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Tabora. Uso wake wote ukafunguka.

"Kumbe mpagazi," akasema. "Mizigo umeitua wapi?"

Nilikuwa na wiki mbili mjini pale kazini, sijacheka na mtu. Nikajua ni Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi, nikamjibu kwamba mizigo nimeitua kwa Wazaramo, nimekuta wamelala, nimewaruka. Alicheka mpaka akashika kiuno. Kuanzia hapo sikuwa mgeni tena. Asiyekulia kwetu hawezi kujua jambo hili lina maana gani: msichana ametoka bara, hana shangazi wala mjomba mjini, halafu anakutana na mzee ambaye kwa sababu tu ya babu zao, wale waliobeba pembe na wale waliowapokea pwani, ana haki ya kumtania na wajibu wa kumzika.

Historia ya nyumba ile mimi sikuisoma popote, niliipata kwa Mzee Kondo, na aliisimulia kama kesi ya kiwanja. Kwa maelezo yake, pale palikuwa na mihogo ya babu yake. Akaja Mjerumani, akapenda upepo, akamjengea gavana wake nyumba juu ya mihogo. Vita vya kwanza vikaja, Mwingereza akaileta manowari yake, akaipiga nyumba mizinga toka baharini mpaka ikabaki kuta. Halafu, na hapa Mzee Kondo alikuwa akiweka jembe chini ili apate mikono yote miwili, halafu huyohuyo Mwingereza akashinda vita, akakosa pa kulala, ikabidi aijenge tena kwa gharama yake, juu ya msingi uleule wa Mjerumani. "Ungempiga mtu mizinga ukijua nyumba ni yako kesho?" aliniuliza. Baba yake mzee huyu alikata majani kwa magavana wa Kiingereza, na ile siku bendera ilipobadilika aliendelea kukata majani palepale alipokuwa ameishia jana yake. Mtoto akarithi fyekeo. Kwa hiyo alipokuwa akisema "nyumba yangu hii", kulikuwa na utani, na chini ya utani kulikuwa na kitu kingine, ambacho wakati ule sikukiona. Nimekiona juzi juzi tu, runinga ilipoonyesha Ikulu mpya ya Chamwino na matao yake meupe yaleyale, wajukuu wakasema bibi, kama yako ile. Nikajikuta nimekasirika, nasema yangu ile haikuwa hivyo, na sikujua hasira imetoka wapi.

Chakula cha mchana tulikula ua wa nyuma, watumishi wote, kwenye mabenchi mawili. Ugali wa njano na mchicha, dagaa siku njema, na mara mojamoja, baada ya karamu ya wageni, mpishi alitugawia mabaki ambayo hatukuyajua majina. Hapo ndipo utani ulipochemka. Mzee Kondo aliwatangazia watu kwamba msichana huyu kwao wanakula michembe, viazi vikavu vinavyotafunwa toka Ijumaa mpaka Jumatatu, ndiyo maana ana taya za punda. Mimi niliwaeleza watu kwamba Wazaramo wameuza viwanja vyote vya mji wakachezea ngoma, na sasa wanapalilia bustani ya kiwanja chao wenyewe wakidhani ni kazi. Alikuwa akiinua mikono kukiri. Kila jioni, kabla ya kwenda, alipita dirishani kwetu na kunipa notisi: kesho jua likizama niwe nimehama, mwenye nyumba anarudi. Nami kila jioni nilimjibu kwamba namsubiri na ufagio. Mama Agnes alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Naye alikuwa na mtani wake, Mpare mmoja dereva, ambaye walitukanana kwa raha kila asubuhi. Lakini alikuwa na sheria moja, na alinipa siku ya kwanza kabla hajanionyesha hata pasi: utani unaishia ua wa nyuma. Barazani wanapita wageni wa nchi za watu, hawajui mila zetu, wataona watumishi wanagombana. Atakayevusha utani mlango ule, hatamtetea.

Mwaka ukaenda. Nilijifunza kupika wanga wa muhogo usiokuwa na kidonge hata kimoja, kukunja kitambaa cha watu ishirini bila kona kupishana, kupiga pasi ya mkaa umeme ukikatika. Mwezi wa kumi na moja Mama Agnes aliniambia barua yangu ya ajira ya kudumu imeandikwa, iko mezani kwa msimamizi wetu mpya, inangoja sahihi. Bwana huyo alikuwa na wiki tatu kazini, mtu mpole, mwenye hofu ya kukosea kuliko sisi sote. Nililala siku zile nikijiona na kitanda cha futi tano na kabati la kioo. Sikumwambia mtu, ila Mzee Kondo. Akasema basi sasa itabidi anifukuze kwa nguvu, maana notisi hazinitoshi.

Siku yenyewe tulikuwa tunatarajia mgeni mkubwa kesho yake. Watu wawili wa nchi yake walikuwa wametangulia kukagua, na msimamizi alikuwa akiwatembeza. Mimi nilikuwa nimebeba vitambaa kifuani kuelekea barazani, ambako viti vilikuwa vimepangwa. Mzee Kondo alikuwa pale ameleta vyungu vya maua. Aliponiona peke yangu, baraza nyeupe, viti vitupu, bahari mbele, nadhani furaha ilimzidi. Mtani ana haki ya kukupora ulichobeba. Alinijia kwa nyuma, akakitwaa kitambaa cha juu, akajitanda begani kama joho, akaenda moja kwa moja kwenye kiti kikubwa cha katikati, akaketi. Akanyoosha kidole kwangu.

"Mwenyewe nimerudi," akasema kwa sauti ya kuhutubia. "Wapagazi wote mbebe mizigo yenu. Na huyo mkubwa wenu mwambieni magharibi isimkute humu."

Nilitaka kucheka. Naapa mpaka leo, kicheko kilikuwa kimeshafika kooni. Nikageuka, nikamwona msimamizi amesimama chini ya tao la mwisho, na wale wageni wawili wako nyuma yake, wameganda. Mmoja aliuliza jambo kwa lugha yao. Msimamizi alitoka jasho la uso palepale. Lakini alikuwa mtu wa nchi hii, alijua mambo yetu, na nilimwona akitafuta mlango wa kutokea. Akanijia karibu, akaniuliza kwa upole, karibu kwa kuniomba.

"Huyu mzee ni mtani wako?"

Ilihitajika ndiyo tu. Angegeuka, angewaeleza wageni kwamba ni mila, wangecheka, na mzee angekaripiwa nyuma ya nyumba kidogo, yakaisha. Nami nilijua hivyo. Lakini nilijua pia sheria ya Mama Agnes, na barua yangu ilikuwa mezani kwa mtu huyuhuyu, na niliona bomba la Temeke likiacha kunisubiri.

"Hapana, bwana," nikasema. "Simfahamu vizuri."

Mzee Kondo alisikia. Alibaki kitini kidogo, akinitazama kama anayengoja nimalizie, maana utani huwa na mwisho wake na huu haukuwa nao. Halafu akainuka, akakivua kile kitambaa, akakikunja. Alikikunja vizuri, kona kwa kona, kama nilivyomwonyesha mwenyewe siku moja dirishani alipotaka kujua tunafanyaje. Akakiweka juu ya kiti, akamwinamia msimamizi, akapita ngazi ya mbele kwenda bustanini.

Hawakumfukuza. Msimamizi alimhamishia kwenye vitalu vya miche nje ya mji, mshahara uleule, na nadhani alidhani amemfanyia hisani. Ila mtu ambaye baba yake na yeye wamefyeka majani yaleyale tangu enzi za magavana, huwezi kumpa mshahara ukawa umemlipa bustani ile. Aliaga watu wote ua wa nyuma kwa mikono, mpishi, dereva, Mama Agnes. Mimi nilikuwa ndani nahesabu foronya, na sikutoka. Jioni hiyo hapakuwa na mtu dirishani. Mama Agnes alikuwa anafunga makabati, akaniambia bila kunitazama: "Nilikwambia usivushe utani barazani. Sikukwambia umkane mtu." Barua yangu ilitiwa sahihi wiki iliyofuata. Nilifanya kazi hapo hadi kustaafu, nikajenga Boko, nikasomesha watoto, na sijui hata mmoja wao ambaye hakula jasho la lile neno. Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi yangu yalizaliwa palepale, yakakua, yakanizidi urefu.

Nyumba ya Tandika niliikuta imejaa. Turubai uani, wanaume nje, wanawake ndani kwenye mikeka. Nilijifunga kanga kichwani, nikakaa karibu na mlango kama mtu atakayeondoka. Nilishapanga: nitatoa pole, nitasali kimya kwa Kikristo changu, nitakwenda zangu. Binti wa marehemu, Zuhura, mwanamke wa makamo mwenye mabega ya baba yake, alikuwa amekaa karibu na ukuta, kavu, hajalia, wala hajasema. Maiti ilikuwa imeshaoshwa na kuswaliwa, vijana wakaingia kulibeba jeneza. Bibi mmoja mkongwe, dada wa marehemu, akainua mkono wakasimama. Alizungusha macho chumba kizima.

"Mbona kimya hivi," akauliza, "mnamtoa kaka yangu kama mzigo wa mkaa. Hakuna mtani hapa?"

Watu walitazamana. Vijana wa siku hizi hawajui nani mtani wa nani. Nilimsikia msichana mmoja akiuliza mwenzake mtani maana yake nini. Bibi akarudia, safari hii kwa sauti ya kukata tamaa, na vijana wakaanza kuinua. Miguu yangu ina baridi yabisi, kuinuka mkekani kwangu ni shughuli ya mashahidi wawili. Sijui niliinukaje. Nilijikuta nimesimama mlangoni, mikono miwili kwenye miimo, nimewaziba.

"Hatoki mtu," nikasema. "Nyie Wazaramo toka lini mna haraka? Kazi ya saa mbili mnafika saa nne, leo kuzika ndio mnakimbia? Mmemwangalia vizuri? Mie namjua huyu. Akishiba wali wa nazi anasinzia hivihivi. Mtazika mtu mzima yuko usingizini."

Bibi mkongwe akapiga makofi, "Alhamdulillahi, kaja," na chumba kikapasuka kwa kicheko, kile kicheko cha msibani chenye machozi ndani. Nikawaambia warudishe jeneza, Mzaramo hana safari isiyo na ngoma. Wakanibembeleza, nikakataa, wakanibembeleza tena kama ilivyo ada, mpaka nikaachia mlango. Alipopitishwa mbele yangu niliweka kiganja juu ya shuka la kijani lililofunika jeneza, mara moja tu. Wanaume wakampokea, wakaenda naye.

Zuhura alinifuata pale mlangoni. Aliniamkia, akaniuliza mimi ni nani, mbona hawajawahi kuniona. Nikamwambia naitwa Nyamizi, nilikuwa na baba yake Ikulu.

Alirudi nyuma hatua moja. "Nyamizi wa Ikulu alishakufa," akasema.

Wanawake wakageuka. Zuhura akaeleza, kwangu na kwao, kwamba kila hitma iliyosomwa nyumba hii, tangu yeye ni mtoto, baba yake alitaja marehemu wake kwa majina: mama yake, baba yake, kaka yake, na mwisho kabisa mtani wake Nyamizi, Mnyamwezi, aliyekufa ghafla pale Ikulu barazani, mchana kweupe, akiwa amesimama. Wakamwombea wote. Watoto waliitikia amina. Mwaka jana katika Ramadhani alinitaja tena, akiwa hawezi hata kukaa.

Wote walikuwa wananitazama, wakingoja. Mtani akipigwa lazima arudishe, na hili lilikuwa pigo la miaka arobaini.

"Ni kweli," nikasema. "Nilikufa. Ila Wazaramo kwa uvivu wenu mkasahau kunizika."

Zuhura alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, ndipo na machozi yake yakapata njia, na wanawake wakamshangilia. Mimi ndiye niliyeshindwa. Mtani hulii msibani, kazi yako ni wafiwa wacheke, na kila mtu mle ndani alilijua hilo. Nilikaa chini palepale kizingitini, nikalia kwa sauti kama mtoto, mpaka Zuhura akaja kukaa kando yangu, akanishika bega, akanibembeleza, yeye mfiwa, kwa kifo cha baba yake.